Kila Saa Tatu

Mimi Dija nauza chai na chapati Zinga, ukingoni mwa barabara ya Bagamoyo, mkabala na nyumba ya Shuaibu fundi matofali. Nasema mapema mahali ninapokaa, asije mtu akaniuliza nimeyajuaje haya. Nimeyaona. Machache ambayo sikuyaona nilisimuliwa na mama mkwe wake, Bi Kuruthumu, tena bila kumuuliza.

Shuaibu ana miaka thelathini na minne. Ni mrefu, si msemaji, na ana kichwa kigumu ambacho watu wa hapa hukitaja kwa ubaya na mimi hukitaja kwa wema. Anafyatua matofali ya saruji. Wapo mafundi wanaotoa matofali hamsini kwenye mfuko mmoja. Wanajaza mchanga, wanapaka maji ya saruji juu ili yapendeze, na mteja anayabeba akicheka mpaka ukuta wake uanze kumung'unyuka. Mchezo huo kila mtu anaujua kwa jina lake: kuchakachua. Shuaibu akifikisha matofali thelathini na tano anasema mfuko umekwisha, anakwenda kuoga. Nimemsikia kwa masikio yangu akimfukuza mtu mwenye gari zuri aliyetaka amtolee hamsini. "Nenda kwa wengine," alimwambia. "Mimi sichakachui."

Mkewe aliitwa Saida, binti wa Bagamoyo mjini, mcheshi, akicheka uani kwake mimi namsikia kibandani. Mwaka jana alijifungua mtoto wa kike, na siku ya tatu akafariki. Ilikuwa damu. Madaktari walihangaika naye usiku kucha, hakuna wa kulaumiwa, na sitaki kusema zaidi kwa sababu nilimpenda. Siku ya saba mtoto alipewa jina la Najma, mama yake akiwa tayari ardhini.

Hapo hospitali nesi mmoja wa wodi ya wazazi alitoka na kopo la maziwa ya unga mkononi, akaangaza huku na huku kwenye benchi. Aliuliza nani mwanamke wa familia atakayefundishwa kumlisha mtoto.

"Nipo mimi," alisema Shuaibu.

"Nauliza mwanamke."

"Na mimi nimejibu. Nifundishe."

Akafundishwa. Nesi alitaka kwanza atumie kikombe kidogo, maana kikombe huoshwa kwa urahisi kuliko chupa, lakini Najma alimwaga yote shingoni, mara tatu, ikabidi iwe chupa. Alionyeshwa namna ya kuchemsha chupa na chuchu yake. Aliambiwa maji yachemke, yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, yatangulie kuingia kwenye chupa na kupimwa kwa macho yaliyo usawa wa mstari, ndipo unga ufuate. Kila mililita thelathini za maji, kijiko kimoja cha unga, na kijiko chenyewe ni kile kinachokaa ndani ya kopo, si cha chai, si cha uji. Kijiko hakishindiliwi wala hakipandishwi kilima. Kinafutwa juu kwa mgongo wa kisu. Hilo la kufuta lilimfurahisha hata katika msiba ule. Aliniambia baadaye kwamba ndivyo anavyofuta kwa ubao kibati cha kufyatulia tofali, kwa hiyo hakuhitaji kurudiwa.

Mtoto alianza kwa mililita sitini, na alipofika mwezi nesi akampandisha hadi tisini. Mara nane kwa siku, usiku na mchana.

Sasa basi, siku ya arobaini, baada ya hitima, wanaume wamekaa kwenye mikeka na sisi wanawake tuko mlangoni, Mzee Bwanausi akakohoa. Huyu ni baba mdogo wa Shuaibu na ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Akasema mtoto mchanga, tena wa kike, halelewi na mwanamume kwa chupa. Mtoto atakwenda Ubena kwa shangazi yake Tabia, dada yake Shuaibu. Tabia ana ua mkubwa, na jirani zake wana ng'ombe. Maziwa mabichi kila siku, ya bure.

"Nesi amekataza maziwa ya ng'ombe mpaka atimize mwaka," alisema Shuaibu. "Na mtoto ana baba."

"Baba ana matiti?"

Watu wakacheka. Wakacheka, kwenye arobaini ya Saida! Nilikuwa na sinia la wali mkononi na Mungu ndiye aliyenizuia.

"Ana mikono," alisema Shuaibu.

Mzee Bwanausi hajazoea kujibiwa. Akasema haya, tutaitazama kadi ya kliniki. Kadi ikisema vizuri, mtoto abaki. Kadi ikisema vibaya, Tabia anakuja kumchukua, na asisikie neno la mtu. Shuaibu akaitikia. Mama mkwe wake, Bi Kuruthumu, ambaye alikuwa amemzika binti yake na hakuwa na nguvu hata ya kumeza wali, akasema kwa sauti ndogo kwamba mchana atakuwa anakuja yeye kutoka mjini kumtazama mjukuu wake, ili baba yake aende kazini.

Ndivyo maisha yale yalivyoanza, na ndivyo midomo ilivyoanza. Kila alfajiri, ninapokanda unga, nilimwona Shuaibu barazani kwake, mtoto kwenye mkono wa kushoto, kichwa kimeinuliwa kidogo, chupa imelazwa ili maziwa yajae kwenye chuchu na mtoto asimeze upepo. Akifika katikati anaichomoa, anamweka begani, anampapasa mgongo mpaka abeue, kisha anaendelea. Hakuwa na haraka. Waliopita kwenda barabarani walisimama kutazama. Mmoja alimwuliza kanga anavaa lini. Shuaibu alimwambia avute subira, anasubiri yeye amnunulie.

Lililowaudhi zaidi wanawake ni baki. Mtoto akiacha kidogo chupani, Shuaibu anasubiri kidogo, akiona amekataa, anamwaga mchangani. Maziwa yote yale ya kopo! Jirani mmoja alipiga ukelele, akasema hiyo ni israfu na Mungu haipendi. Shuaibu akamjibu kwamba maziwa yaliyokaa chupani yanaharibika, na tumbo analotaka kulilinda ni la Najma, si la chupa. Mwingine akamshauri azidishe maji kidogo ili kopo lifike mbali, kwani mtoto ataona wapi? Hapo alikasirika kweli.

"Mimi tofali la mtu nisiyemjua silichakachui," alisema. "Nitamchakachua mwanangu?"

Kauli hiyo ilizunguka Zinga nzima mpaka ikarudi kwangu imeongezwa chumvi. Wengine waliicheka. Mimi niliipenda na bado naipenda.

Wakati huo alikuwa amepata kazi ya kufyatua matofali kwenye eneo la mteja huko Kerege, hivyo alikuwa akitoka asubuhi na kurudi magharibi. Kabla ya siku ya kwanza alichana karatasi safi ya ndani ya mfuko wa saruji, akaandika kwa kalamu yake ya ufundi, herufi kubwa kubwa, akaigongomea ukutani juu ya meza ya chupa. Nimeisoma mara nyingi. Iliandikwa: MAZIWA KILA SAA 3. MAJI 90. VIJIKO 3 VYA NDANI YA KOPO, VIFUTWE JUU. USIMLAZIMISHE.

Akamwonyesha Bi Kuruthumu, akamwuliza, "Mama, umeiona?"

"Nimeiona, mwanangu. Mimi kusoma najua."

Basi. Hawakusemezana zaidi. Yule ana haya ya mkwe, huyu ana fahari ya kusoma, na wote wawili wanaogopa kulitaja jina la Saida. Kila siku saa mbili bibi akifika, baba anaondoka.

Zikapita wiki mbili na nusu. Mimi niliona mtoto anakuwa mwepesi shavuni lakini nilijiambia ni macho yangu. Kisha akaanza kuharisha kidogo kidogo. Bi Kuruthumu akasema ni jicho la watu, maana wanaosimama kutazama ni wengi. Siku ya kliniki Shuaibu akajipanga na kina mama, peke yake mwenye suruali, akamvua mtoto nguo, akamweka kwenye mzani. Kilo nne na gramu mia moja. Mara ya mwisho ilikuwa kilo nne na gramu mia moja. Kwenye kadi mstari uliokuwa unapanda ukalala.

Nesi alimwuliza kama mtoto anapewa kitu kingine zaidi ya maziwa.

"Hapana," alisema Shuaibu, na aliisema kwa nguvu, kwa sababu ndivyo alivyojua.

"Unapima sawasawa?"

"Kupima ndiyo kazi yangu."

Akaambiwa amrudishe baada ya siku kumi na mbili. Alipofika nyumbani Mzee Bwanausi alikuwa tayari na habari. Zinga habari haihitaji nauli. Alikuja mwenyewe na fimbo yake, akaitaka kadi, akaishika mbali na macho yake, kisha akasema Jumapili ya tatu ya mwezi Tabia atakuja na familia itakaa. Shuaibu akamwambia bado kuna kupimwa kwingine kabla ya siku hiyo. Mzee akamwambia mtoto si tofali, useme ukikosea unalivunja na kufyatua jingine. Nilimwona Shuaibu baada ya hapo amekaa juu ya mashine yake ya kufyatulia, mikono mitupu. Nilimpelekea chai. Haikunywewa.

"Da Dija," aliniambia, "maji ni yaleyale, vijiko ni vilevile. Kwa nini hapandi?"

Nilimwonea huruma mpaka nikamchukia kila mtu aliyewahi kumcheka, na mimi mwenyewe niliyewahi kutabasamu nikajichukia.

Kilichomfungua macho ni kopo, alipoanza kulihesabia siku baada ya kliniki. Fundi matofali anajua mfuko utaisha kwenye tofali la ngapi, na Shuaibu alijua kopo lile dogo, kwa vijiko vitatu mara nane, linakwisha siku ya nne. Jumatano lilitakiwa liwe tupu. Alhamisi asubuhi alipochovya kijiko akakuta unga bado upo, na si wa kukung'uta pembeni. Akasimama pale na kijiko mkononi. Kwanza alidhani bibi anapunguza vijiko. Akaondoka kwenda Kerege kama kawaida, lakini hakumaliza asubuhi. Saa sita mchana nilimwona anashuka barabarani, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, anakwenda kwake bila kunisalimu. Nilikuwa nimeahidi kupeleka maji ya moto, nikachukua chupa ya chai yenye maji hayo nikamfuata. Nakiri kwamba maji hayakuwa na haraka kiasi hicho.

Tulimkuta Bi Kuruthumu amekaa mkekani, Najma mapajani, chupa mdomoni. Ndani ya chupa mlikuwa na kitu cheupe, kizito kidogo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Mama, hayo ni maziwa?"

"Ni uji mwepesi. Nimeuchuja."

Shuaibu aliinama, akaichomoa chupa taratibu kwenye mdomo wa mtoto. "Uji wa nini? Mtoto wa miezi miwili na siku zake! Na maziwa ya saa sita yako wapi?"

"Maziwa ya saa sita?" Bi Kuruthumu akamkazia macho. "Kwani wewe si umeandika saa tatu? Nimempa saa tatu. Vijiko vitatu, nikavifuta juu. Maji tisini. Sijakosa siku hata moja."

"Nimeandika kila saa tatu."

"Ndiyo. Kila saa tatu. Ya asubuhi nampa mimi, ya usiku unampa wewe. Katikati akilia namnyamazisha kwa uji, au maji yenye sukari kidogo. Ungetaka alie mpaka saa tatu ya usiku?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona Shuaibu naye anaelewa. Yeye aliandika akiwa na maana kwamba zikipita saa tatu, mpe. Zikipita nyingine tatu, mpe tena. Bibi alisoma kilichoandikwa. Saa tatu ni saa tatu, jua limeshapanda, watoto wa shule wamekwisha kuingia darasani. Hata saa ya ukutani ingekubaliana naye. Kila siku, saa sita na saa tisa, mtoto alikuwa anakosa maziwa na kujazwa maji yasiyomjenga, na tumbo lake likawa linayarudisha.

"Mbona hukuniuliza, mama?" Shuaibu alisema, na sauti ilipanda. "Mbona hukuniuliza? Wanataka kuninyang'anya mtoto!"

"Niulize nini wakati karatasi ipo? Na usinipazie sauti. Nimelea saba kwa uji huohuo. Saida mmojawao."

Jina lilitoka. Tangu msiba nilikuwa sijalisikia ndani ya nyumba ile. Bi Kuruthumu akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, na Shuaibu akakaa chini palepale na vumbi lake lote. Ndipo Najma akaanza kulia, kilio cha njaa kabisa, cha mtu anayedai haki yake.

Shuaibu akanyanyuka. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akachemsha chupa nyingine, akapima maji niliyoleta, vijiko vitatu, akafuta, akatikisa, akaipoza kwenye bakuli la maji baridi, akadondosha tone kwenye kifundo cha mkono. Kisha hakumlisha yeye. Alimpa bibi chupa.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Lisha, mama."

Akang'oa ile karatasi. Kwa mkaa wa jikoni akaandika ukutani kwenyewe, juu ya chokaa: SAA 12. SAA 3. SAA 6. SAA 9. MCHANA NA USIKU. UJI HAPANA MPAKA MIEZI SITA. Bi Kuruthumu alisoma kwa sauti, mara mbili, huku mtoto ananyonya. Alipomaliza alisema, bila kumtazama mkwewe, kwamba Bwanausi akilijua hili atatangaza mpaka Chalinze kwamba upande wa marehemu ndio uliomdhoofisha mtoto.

"Hatalijua," alisema Shuaibu. Akanigeukia. "Da Dija, hapa hukusikia kitu."

"Sikusikia," nikasema. Hakuna ahadi iliyowahi kuniwasha ulimi kama ile.

Kuharisha kuliisha siku ya tatu. Saa sita na saa tisa nilimwona Bi Kuruthumu anatoka barazani na chupa, anawatazama wapita njia machoni, kana kwamba anawaambia semeni sasa. Wiki iliyofuata alianza kuniuliza mimi saa, na nikimwambia bado dakika tano ananiambia simu yangu imechelewa. Siku ya kupimwa walikwenda wote wawili. Shuaibu akamweleza nesi ukweli wote wa uji na karatasi, kwa sababu nesi si baraza la ukoo. Mtoto alikuwa na kilo nne na gramu mia tano na hamsini. Nesi akauchora mstari, ukapanda, akasema waendelee na tisini, na akimaliza kila mara huku bado anatafuta, waongeze thelathini na kijiko kimoja.

Jumapili Tabia akashuka kwenye basi, kanga mpya ya mbeleko begani. Ni mwanamke mwema Tabia, sitamsema vibaya. Alikuwa ameambiwa mtoto wa kaka yake anakufa kwa ubishi wa mwanamume, akaja. Wakakaa saa nane, baada ya Adhuhuri. Mzee Bwanausi katikati, Tabia kulia kwake, Bi Kuruthumu kando ya ukuta na Najma mapajani, na mimi nilileta chai nikasahau kuondoka.

Shuaibu akatoa kadi. Mzee akaipeleka mbali na macho yake. "Imepanda," alisema. "Na kabla ya hapo ililala. Ilikuwaje?"

"Palitokea kosa. Tumelirekebisha."

"Kosa gani? La nani?"

"La kwangu. Niliandika vibaya maelekezo."

"Mnasikia?" Mzee aliweka kadi chini. "Amekiri mwenyewe. Wiki mbili mtoto amekaa njaa kwa kosa la mwandiko. Leo amepanda, kesho je? Akikosea tena tutamwambia nini Mungu? Tabia, funga mizigo ya mtoto."

Nilimtazama Bi Kuruthumu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikauma mdomo, nikahisi ladha ya chumvi. Tabia akainuka na kanga yake, akanyoosha mikono.

"Subiri, dada," alisema Shuaibu. Hakupandisha sauti, ila alisimama, na akisimama chumba kile kinakuwa kidogo. "Nimekubali kosa langu kwa sababu ni langu. Lakini anayemchukua mwanangu aniambie kitu kimoja. Anakunywa kiasi gani? Mara ngapi? Unga kiasi gani kwa maji kiasi gani?"

"Atakunywa akilia," alisema Tabia. "Watoto ndivyo walivyo. Maziwa ya ng'ombe nitayazimua kwa maji."

"Kwa maji kiasi gani?"

Tabia akamtazama mzee. Mzee akasema hilo si swali la kuwauliza wakubwa.

"Ndilo swali lenyewe," alisema Shuaibu. "Mnaniuliza kama nina matiti. Nami nauliza hapa ndani nani anajua mtoto huyu anaishi kwa nini. Mkijibu, mchukueni. Nitawasindikiza mpaka stendi."

Nje lori lilipita, mlio wake ukaisha. Nilikuwa najua jibu na ningelisema, Mungu anisamehe, lakini mimi ni jirani tu.

"Mililita tisini," ilisema sauti ya kando ya ukuta. "Vijiko vitatu vya ndani ya kopo, vimefutwa juu. Saa kumi na mbili, saa tatu, saa sita na saa tisa, mchana na usiku. Akibakisha yanamwagwa. Uji hapana mpaka miezi sita." Bi Kuruthumu aliinua kichwa. "Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekosea. Aliandika kila saa tatu, nami nikampa saa tatu, kisha nikamjaza uji na maji ya sukari. Huyu kijana amelibeba kosa langu mbele yenu ili nisiaibike. Sasa nimeaibika kwa hiari yangu. Kama kuna mtu wa kunyang'anywa mtoto humu ndani, ni mimi, na yeye mwenye mtoto hajaninyang'anya."

Mzee Bwanausi akaichukua tena ile kadi, safari hii akaisogeza karibu, akaitazama kwa muda mrefu, ingawa hasomi bila miwani. Nilisikia furaha kifuani, furaha ya kutaka kupiga vigelegele, na nikajizuia kwa sababu machozi ya Bi Kuruthumu yalikuwa yanadondoka kwenye paji la uso la mtoto.

Najma akalia. Ilikuwa saa tisa.

Hakuna aliyemtuma mtu. Shuaibu akaenda mezani, akanawa, akapima, akafuta, akatikisa, akapoza, akadondosha tone mkononi. Ukoo mzima ulitazama kazi ile kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyecheka. Tabia alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, kanga mpya mikononi, hajui aende wapi. Macho yake yalikuwa kwa mtoto. Shuaibu akamchukua Najma kutoka kwa bibi yake, akamfuata dada yake, akamweka mikononi mwake, akamrekebishia kiwiko ili kichwa kiinuke kidogo, akampa chupa.

"Mlishe, dada," alisema. "Kisha unirudishie."

Tabia akakaa chini. Akamlisha taratibu, akamweka begani katikati, akambeulisha, akaendelea mpaka chupa ikawa tupu. Kisha akamrudisha.